Jasikevičius hakuwa na mbio, na kazi yake haikuzihitaji

Tarehe 25 Mei 2025, mjini Abu Dhabi, Fenerbahçe ya Uturuki iliifunga Monaco 81–70 katika fainali ya EuroLeague, ligi kuu ya klabu za kikapu barani Ulaya. Mbele ya benchi la washindi alisimama kocha Šarūnas Jasikevičius. Mbele ya benchi la pili alisimama kocha Vassilis Spanoulis. Miaka 16 kabla ya siku hiyo, Berlin, wawili hao walivaa jezi moja ya kijani ya Panathinaikos na kubeba kombe hilohilo pamoja, wote wakiwa watu wa kushika mpira na kuamua. Kwa Jasikevičius, kombe la Abu Dhabi lilikuwa la tano la Ulaya. Manne alikuwa ameyachukua akiwa mchezaji.

Hukumu iliyozoeleka juu ya Mlithuania huyu haizidi mstari mmoja: alikuwa mfalme Ulaya, akaenda NBA, ligi ya Marekani, ikamshinda, akarudi. Kwa shabiki aliyejifunza kikapu kwa kukesha na NBA hadi karibu alfajiri, maneno hayo yanatosha kufunga jalada. Hiyo ni hukumu ya kivivu. Ufalme ule na kushindwa kule vilitoka chungu kimoja, na atakayekichungulia chungu hicho ataielewa kazi ya pointi gadi wa Ulaya, yaani mchezeshaji wa timu, vizuri zaidi kuliko kwa kuhesabu wastani wa pointi.

Kwanza mwili. Alizaliwa Kaunas tarehe 5 Machi 1976, mama yake akiwa mchezaji wa mpira wa mikono. Urefu mita 1.93, mzuri kwa namba moja, yaani pointi gadi. Mengine hayakuwa ya kutisha: hakuwa na mbio, hakuruka sana, na kwenye ukabaji wa mtu na mtu alipitwa na vijana wengi wenye majina madogo. Alicheza Chuo Kikuu cha Maryland kuanzia 1994 hadi 1998, na huko alitumika zaidi kama mpigaji wa pembeni kuliko kama mchezeshaji. Mwaka 1998 timu za NBA zilipochagua vijana wapya, hakuna iliyotaja jina lake. Akarudi nyumbani, lakini si kwa Žalgiris ya Kaunas. Alianzia kwa mahasimu wao wa Vilnius, Lietuvos Rytas. Akapita Olimpija Ljubljana msimu mmoja, na mwaka 2000 akatua Barcelona.

Sasa kazi yenyewe. Pointi gadi wa Ulaya anakula kwa mchezo mmoja kuliko yote: pikenroli. Mtu mrefu anakuja kuweka skrini, yaani anasimama kama nguzo kwenye njia ya mlinzi wako, wewe unapita ubavuni pake, naye anageuka kukimbilia kikapuni. Ukiutazama kwenye televisheni ni sekunde 3 tu. Ndani ya sekunde hizo kuna maamuzi manne au matano, na Jasikevičius aliyafanya kwa mpangilio ambao unaweza kufundishwa hatua kwa hatua.

Kabla skrini haijafika, anadunda mpira hatua mbili kuelekea upande asiotaka kwenda. Lengo ni miguu ya mlinzi. Mlinzi akishahamisha uzito wake upande ule, skrini itakayotoka upande huu itamkuta amechelewa. Kisha anasubiri. Hapa ndipo wachezeshaji wengi chipukizi huharibu: wanaondoka wakati mtu wa skrini bado anatembea, refa anapuliza faulo ya skrini inayosogea, na mpira unakwenda kwa wapinzani bure. Nguzo ikishatulia, bega la mchezeshaji linapita likigusa nyonga ya mwenzake. Ukiacha nafasi ya kupitisha hata mkono, mlinzi atajipenyeza na kazi yote imekufa.

Akishatoka upande wa pili, macho yanamwendea yule mlinzi mrefu. Kama amebaki nyuma karibu na kikapu, kuna nafasi ya kupiga kutoka mita 5 hivi au kurusha mpira wa juujuu kabla hajafika. Kama ametoka juu kumzuia, basi nyuma yake kuna pengo, na mpira unapita juu ya mikono yake. Wapenzi wa kandanda wangesema kamvisha kanzu. Hapa ndipo mita 1.93 zilipolipa, kwa sababu mchezeshaji mfupi hawezi kuona kilicho nyuma ya mtu wa mita 2.10 aliyenyoosha mikono. Kama mlinzi wake mwenyewe amepita chini ya skrini, hapo hakuna mjadala: ni mtupo wa pointi tatu, na Jasikevičius hakuhitaji kualikwa mara mbili.

Akiisha kumpita mlinzi wake, mchezeshaji mwenye mbio hukimbilia kikapu. Yeye alipunguza mwendo. Alimweka mlinzi mgongoni, akawa kama mtu anayetembea mbele yako kwenye uchochoro mwembamba: humpiti, na ukimsukuma ni faulo. Kila nusu sekunde aliyomshikilia pale, ulinzi wa Ulaya ulilazimika kucheza wanne dhidi ya watano. Mtu wa tatu, yule anayekaba upande wa mbali, angelazimika kuingia kati kumfuata senta anayekimbilia kikapu. Akiingia, kona imebaki wazi. Pasi ya kona ilitoka kwa mkono mmoja, mpira ukiwa bado unadundwa. Mchezeshaji anayeukamata mpira kwa mikono miwili kabla ya kupasi anawapa walinzi taarifa, na walinzi wa kiwango kile wakishapata taarifa wanafika.

Mchezo wa namna hii una gharama. Anayepasi katika vichochoro hivyo atapoteza mpira, na Jasikevičius aliipoteza, mara nyingine kwa namna iliyowafanya makocha washike vichwa. Pasi yake ilikwenda mahali ambapo mwenzake alipaswa kuwa. Mwenzake akichelewa hatua moja, mpira uliishia kwa watazamaji wa safu ya kwanza. Ndiyo maana thamani yake ilipanda na kushuka kufuatana na nani yuko naye uwanjani, kuliko ilivyo kwa mchezaji anayejifungia mwenyewe.

Tazama alikofanikiwa. Mwaka 2003 Barcelona ya kocha Svetislav Pešić ilichukua ligi ya Hispania, Kombe la Mfalme na EuroLeague, fainali ikiwa nyumbani kwao dhidi ya Benetton Treviso, 76–65. Pale alikuwa na Dejan Bodiroga, fowadi aliyekuwa na akili ya mchezeshaji, kwa hiyo mpira ulikuwa na vituo viwili vya kufanyia uamuzi. Kiangazi hicho akahamia Maccabi Tel Aviv ya kocha Pini Gershon, na huko mambo yakawa matamu zaidi. Senta wake, Nikola Vujčić, alikuwa mpasiaji adimu kwa mtu wa kimo chake. Pembeni alikuwepo Anthony Parker, na chini Maceo Baston wa kuruka. Jasikevičius alimpa Vujčić mpira kwenye kona ya mstari wa mitupo huru, akakata, akaupokea tena akiwa kwenye mwendo. Mtu asiye na mbio akipokea mpira akiwa tayari anakwenda, ukosefu wake wa mbio hauonekani.

Matokeo yake yamo kwenye kumbukumbu: fainali ya 2004, 118–74 dhidi ya Skipper Bologna. Pengo la pointi 44 kwenye fainali ya Ulaya! Mwaka uliofuata, Moscow, Maccabi ikaifunga Tau ya Vitoria 90–78 na yeye akatajwa mchezaji bora wa Final Four, hatua ya timu nne za mwisho. Makombe matatu mfululizo, na klabu mbili. Haki itendeke lakini: safari ya 2004 ilikuwa nusura iishie njiani. Ilikuwa dhidi ya Žalgiris, timu ya mji aliozaliwa, na bila ule mtupo wa pointi tatu wa Derrick Sharp, uliopigwa saa ikielekea sifuri na kuupeleka mchezo kwenye muda wa ziada, Maccabi wangeitazama Final Four wakiwa watazamaji kwenye ukumbi wao wenyewe. Walishinda 107–99. Kwa hiyo mtu akikwambia makombe ni kipimo safi cha ubora wa pointi gadi, mkumbushe mtupo wa Sharp.

Kipimo kizuri zaidi, kwa maoni yangu, ni timu ya taifa, kwa sababu huko huchagui wenzako. Lithuania ni nchi isiyofikia watu milioni 3 leo. Mwaka 2000, Sydney, kwenye nusu fainali ya Olimpiki, iliipeleka Marekani hadi sekunde ya mwisho. Jasikevičius, mtu ambaye NBA haikumtaka miaka miwili nyuma, alifunga pointi 27. Matokeo yakiwa 85–83, mpira wa mwisho ulikuwa mikononi mwake. Alipiga pointi tatu kutoka mbali, ukapungua. Mwaka 2003 alikuwa mchezaji bora wa michuano ya Ulaya nchini Sweden, Lithuania ikiichapa Hispania 93–84 kwenye fainali na kuchukua taji lililokuwa limepotea tangu 1939.

Halafu Athens, Agosti 2004. Hatua ya makundi, Marekani tena, safari hii ikiwa na Tim Duncan, Allen Iverson, LeBron James na Dwyane Wade. Dakika za mwisho za mchezo ule zinastahili kutazamwa polepole. Marekani walikuwa wamechoka kuburuzwa kwenye skrini, wakaanza kuchelewa hatua moja. Jasikevičius akapiga pointi tatu. Akapiga nyingine huku akifanyiwa faulo, akaongeza mtupo huru, pointi nne kwa shambulizi moja. Akapiga ya tatu. Yote hayo katika muda wa dakika moja na kidogo. Lithuania 94, Marekani 90.

Kwenye mitupo ile mitatu hakuna hata mmoja uliohitaji kumshinda mtu kwa mbio. Kila mara mlinzi alikuwa na hatua moja ya kuamua kama atamfuata au atasaidia, na kila mara alikuwa tayari ameamua vibaya. Na mstari wa pointi tatu wa FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, wakati ule ulikuwa mita 6.25. Ule wa NBA, ukiwa mbele ya kikapu, ni mita 7.24. Takribani mita moja ya tofauti, na mita hiyo inaingia kwenye hadithi inayofuata.

Mwaka 2005 Indiana Pacers walimpa mkataba. Alikuwa na miaka 29. Msimu wa kwanza alicheza michezo 75, dakika 21 hivi kwa mchezo, pointi 7.3, pasi za kufungisha 3, na mitupo huru kwa zaidi ya asilimia 90. Si aibu hata kidogo. Lakini Januari 2007 alitupwa ndani ya mabadilishano ya wachezaji wanane kati ya Indiana na Golden State Warriors, na ilipofika vuli ya mwaka huo alikuwa Athens akivaa jezi ya Panathinaikos. Michezo 138, basi.

Nini kilitokea? Jibu la harakaharaka ni ukabaji, na si uongo. Kuanzia msimu wa 2004–05 NBA ilikaza marufuku ya mlinzi kumwekea mkono mchezaji anayeshika mpira pembeni. Wachezeshaji wenye mbio wakafunguliwa mlango. Mlinzi wa miguu mizito, aliyezoea kumwongoza mtu kwa mkono kiunoni, akabaki uchi. Halafu kuna sheria ya sekunde 3 za ulinzi: kwenye NBA mtu mrefu haruhusiwi kupiga kambi chini ya kikapu bila kumkaba mtu karibu. FIBA haina sheria hiyo. Ulaya, Jasikevičius akipitwa, nyuma yake alikuwepo senta aliyesimama kama mlango wa chuma. Marekani akipitwa, mara nyingi nyuma yake palikuwa na nafasi tupu. Kosa moja, bei mbili tofauti.

Lakini ukabaji pekee hauelezi. NBA imejaa watu wasiokaba wanaolipwa vizuri kwa sababu wanabaki na mpira. Tatizo la Indiana ni kwamba hakubaki nao. Timu ya kocha Rick Carlisle ilikuwa ya kupanga mashambulizi kutoka benchi, mpira ukielekezwa kwa Jermaine O'Neal chini. Namba moja wengine, Jamaal Tinsley na Anthony Johnson, walikuwepo. Jasikevičius mara nyingi alijikuta akisimama pembeni akisubiri kupiga, mita 7 kutoka kikapuni. Umemchukua fundi wa kufungua kufuli, ukampa kazi ya kushika tochi. Anaweza kuishika, lakini mtu yeyote anaweza, na huyo yeyote anakaba vizuri zaidi.

Kuna na suala la mazoezi, ambalo watu hulisahau. Msimu wa NBA una michezo 82 na ndege nyingi. Mazoezi ya maana ya timu ni machache. Pasi ya kwenda mahali ambapo mtu atakuwa inajengwa kwa kurudiarudia na watu walewale. Klabu ya Ulaya ya wakati ule ilicheza takribani mara mbili kwa wiki na siku nyingine zote ilifanya mazoezi. Mchezaji anayetegemea mwili wake anasafiri nao. Anayetegemea mazoea ya wenzake anaanza upya kila anapohama, na Jasikevičius alihama akiwa na miaka ambayo wengine wanahesabu siku za kustaafu.

Panathinaikos ilimpokea na kumpa kazi anayoijua, na hapa ndipo utakapoona kocha mkubwa anavyofanya hesabu. Željko Obradović alikuwa na watu watatu wa kushika mpira: Dimitris Diamantidis, Spanoulis na Jasikevičius. Diamantidis, mtu wa mita 1.96 aliyechaguliwa mara sita kuwa mkabaji bora wa EuroLeague, alipewa mchezeshaji hatari wa wapinzani. Jasikevičius akapelekwa kumkaba yule ambaye mpira haumfikii sana. Kwenye kushambulia, kazi zinageuka: yeye anashika mpira, Diamantidis anasubiri. Dakika zake zilikuwa chache kuliko za enzi za Tel Aviv, lakini zilikuwa dakika zilizochaguliwa. Berlin 2009, Panathinaikos ilikwenda mapumziko ikiongoza CSKA Moscow kwa pointi 20, ikabanwa hadi roho ikafika kooni, ikashinda 73–71. Mtupo wa mwisho wa CSKA ulipigwa na Ramūnas Šiškauskas, mwenzake wa timu ya taifa, na haukuingia. Kombe la nne, klabu ya tatu.

Miaka ya mwisho ilikuwa ya kuzunguka: Lietuvos Rytas, Fenerbahçe, Panathinaikos tena, Barcelona tena, na hatimaye, msimu wa 2013–14, Žalgiris, klabu ya mji wake ambayo hakuwahi kuichezea. Hakuna mengi ya kuchambua hapo. Miguu ilikwisha, kichwa hakikwisha, na Žalgiris wakamweka kwenye benchi la makocha.

Ukocha wake umeongeza swali la kuvutia. Kaunas, kuanzia Januari 2016, alikuwa na bajeti ndogo kwa viwango vya EuroLeague, na mwaka 2018 akaifikisha timu Final Four na kumaliza ya tatu kwa kuifunga CSKA. Mchezeshaji wake msimu ule, Kevin Pangos, alikuwa mfupi, asiye na mwili wa kutisha, mpigaji mzuri, msomaji wa skrini. Haukuhitaji darubini kuona alikotoka ule mfano.

Barcelona, kuanzia 2020, alimpata Nick Calathes, mpasiaji wa daraja la juu ambaye hapigi. Na hapo kanuni ya pikenroli ikamgeuka. Mlinzi akijua mchezeshaji hapigi, anapita chini ya skrini kila mara, pengo halifunguki, na mtu wa tatu halazimiki kuondoka kwenye kona. Fainali ya 2021 walipoteza kwa Anadolu Efes 86–81, timu iliyokuwa na Vasilije Micić na Shane Larkin, wachezeshaji wawili ambao ukipita chini ya skrini wanakuadhibu hapohapo. Misimu miwili iliyofuata Real Madrid wakamfungia mlango kwenye nusu fainali. Ligi ya Hispania aliichukua mara mbili, lakini Barcelona hawaajiri kocha kwa ajili hiyo, na mwaka 2023 wakaachana.

Kombe likaja na Fenerbahçe, aliyoichukua Desemba 2023. Na ukikitazama kile kikosi cha 2025, hakina mtu kama Jasikevičius. Scottie Wilbekin, ambaye ndiye angesogea karibu na mfano huo, aliumia goti mapema msimu. Mpira ulishikwa na Wade Baldwin, Marko Gudurić, Errick McCollum, kila mmoja kidogo, na shujaa wa Abu Dhabi alikuwa fowadi, Nigel Hayes-Davis. Ni timu ya watu warefu wa pembeni wanaoweza kubadilishana wa kumkaba bila pengo kufunguka. Upande wa pili Spanoulis alikuwa na Mike James, mfungaji aliyeivunja rekodi ya pointi ya Spanoulis mwenyewe kwenye EuroLeague, na mashambulizi ya Monaco yalimzunguka yeye. Timu yenye mtu mmoja wa kufungua kufuli ilikutana na timu iliyobadilisha kufuli kila baada ya sekunde 5.

Mashabiki wa Istanbul hawajali. Lakini inafaa kujiuliza kocha huyu angemfanyia nini kijana wa mita 1.93, miguu mizito, mwenye pasi ya mkono mmoja, akitua leo kwenye mazoezi yake. Timu za sasa zingemwita kwenye ukabaji kila shambulizi, zikimvuta kwenye skrini hadi ashike magoti. Bila shaka angempeleka kona, amkabe yule asiyepewa mpira, na kumwekea warefu wawili kulia na kushoto, kama Obradović alivyompanga yeye Berlin.